Mjomba Hataki Kushuka

Jumamosi, 3 Februari

Miaka kumi na tisa naendesha ndege ya abiria mia na themanini. Leo nimeshindwa kutua na kindege cha viti viwili.

Kushindwa kabisa! Mara ya kwanza nimedunda mara nne — Fundi alihesabu, akanionyesha kwa vidole kutoka mlangoni mwa banda la ndege. Mara ya pili nikainua pua tukiwa bado juu kama ghorofa ya pili. Panzi akaishiwa mwendo, akajibwaga kwenye nyasi kama gunia. Panzi ndilo jina la ndege. Leo nimejua kwa nini.

Kosa nalijua. Kule kazini, magurudumu yakigusa chini macho yangu bado yako juu sana, tena kompyuta inanihesabia urefu kwa sauti: hamsini, thelathini, ishirini, kumi. Panzi hahesabu kitu. Ukikaa ndani yake makalio yako ni kama yanaburuza nyasi. Nikingoja kuhesabiwa nitangoja hadi kiama.

Mjomba, kiti cha kulia, alicheka mpaka akakohoa. Ndege ni yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuruka nikiwa na miaka kumi na saba, kwenye kiwanja hikihiki, enzi hizo akinyunyizia mashamba dawa. Sasa ana sabini na nne na mdomo uleule.

"Wamekuharibu huko," akasema. "Umekuwa dereva wa basi."

Halafu mitihani! Soma mwendo! Soma mafuta! Soma joto la injini! Kama vile mimi mwanafunzi. Nilikwenda kupumzika. Nimerudi na shingo imekaza.

Jumapili, 4 Februari

Mume wangu ananitazama nikipaka dawa shingoni. Anauliza: siku ishirini kwa mwezi uko angani, na siku ya mapumziko unakwenda wapi? Angani.

Nikasema si anga ileile. Akasema aa, kumbe ziko mbili.

Alhamisi, 8 Februari

Safari ya mwendo wa saa nne. Usukani nimeushika kwa mkono dakika saba — nilitazama saa makusudi. Nyingine zote kubonyeza, kujaza, kusoma orodha, kuwaomba radhi abiria kwa kuchelewa ambako si kosa langu. Nikatua laini, hakuna aliyeamka.

Na miguu! Mjomba anasema miguu yangu imelala usingizi tangu niajiriwe. Kweli. Panzi usipomkanyagia pedali anakwenda kiubavu kama kaa. Leo nilikuwa najizoeza kimyakimya tukiwa tumeegeshwa, pedali kushoto, pedali kulia. Msaidizi wangu akauliza kwa adabu zote kama kuna hitilafu. Nikamwambia naamsha miguu. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui nini. Loh!

Jumamosi, 17 Februari

Nimetua! Mara tano, zote safi. Ya tano sikusikia magurudumu, nilisikia nyasi tu. Nilipiga kelele kama mtoto. Hakuna kompyuta, hakuna orodha — mimi, upepo, na matako yangu mwenyewe yakiniambia tuko wapi. Nilikuwa nimesahau kwamba hii ndiyo sababu nilianza.

Kisha Mjomba akachukua usukani, na raha yote ikaniisha.

Tulikuwa tunarudi kiwanjani. Ndege ya njano ikatokea mbele, kushoto kidogo, kimo chetu hasa. Ni ya Mwenyekiti wa klabu yetu ya ndege, yule daktari wa meno. Nikangoja Mjomba ageuze. Hageuzi. Ikakua. Nikaanza kuona mtu ndani yake. Nikaunyakua usukani, nikatuzamisha kulia mpaka chupa ya maji ikaruka nyuma.

"Una wazimu?" akafoka.

"Hukuiona?"

"Nini?"

"Ile ya njano!"

"Aa, ile. Nimeiona zamani, bwana." Akaionyesha kwa kidole. Alionyesha upande ambao haikuwepo.

Chini, Mwenyekiti alikuja akiwa mweupe midomo, akauliza nani alikuwa anaendesha. Nikasema mimi.

Nimesema mimi! Midomo yangu yenyewe imesema hivyo kabla sijaiuliza.

Jumapili, 18 Februari

Soma mwendo. Soma mafuta. Soma joto.

Haikuwa mitihani.

Jumatano, 21 Februari

Nimepita kiwanjani nikitoka kazini, na sare yangu mwilini. Nikamwomba Fundi faili la Panzi, kisha nikamuuliza kuhusu cheti cha afya cha Mjomba — kile ambacho bila hicho rubani haruhusiwi kuruka peke yake. Fundi akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kimekwisha. Miezi kumi na moja iliyopita!

Mjomba kila mara humwambia kipya kiko nyumbani, atakileta kesho. Fundi anasema alidhani mimi najua. Wewe ndiye mkubwa wetu kwenye mambo haya, anasema, ningeanzaje mimi kumsema mzee wako?

Basi sote tumedhani. Vizuri sana.

Angekuwa msaidizi wangu kazini, ningepeleka ripoti kabla sijavua tai. Nisingefikiri mara mbili. Kwa Mjomba huu ni mchana wa nne "nafikiri". Nafikiri nini? Kuna watu wanalima chini ya njia ile ya kutua. Nawaona tukipita, wananyoosha migongo na kupunga mikono.

Jumamosi, 24 Februari

Nimemkuta bandani anapangusa kioo cha mbele cha Panzi. Anapangusa, anarudi nyuma, anatazama, anapangusa tena.

"Vumbi la humu ndani halitoki," akasema.

"Mjomba, kioo ni safi."

"Wewe unaona nini toka huko?"

Kioo kilikuwa kinang'aa. Nikamwambia polepole, nilivyojipanga njiani: cheti, ndege ya njano, macho. Kwamba huenda ni mtoto wa jicho tu, siku hizi hutolewa asubuhi, mchana uko nyumbani. Nitampeleka mimi. Nitakaa naye. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, akikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, mara nane.

"Umekuwa daktari pia?"

"Mjomba, tulibakiza sekunde tatu."

"Nimeruka miaka hamsini na moja. Nimepita chini ya nyaya za umeme wakati wewe unanyonya."

"Na sasa huzioni hizo nyaya!"

Nilipiga kelele. Fundi akatoka nje kwa upole kama mtu anayetoka msibani. Mjomba akakaa kwenye gurudumu la Panzi. Akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza:

"Nikishuka humu, nakwenda wapi? Mke wangu hayupo tena. Nyumbani kuna sofa na ile redio. Wakinikata jicho wakakosea, je? Sasa hivi naona kidogo. Kidogo si haba kwangu."

Hapo nilitakiwa kumkumbatia. Badala yake nilichukua ufunguo wa Panzi ubaoni, nikautia mkobani, nikaondoka. Nikaendesha gari kilomita tatu na breki ya mkono imeshikilia. Rubani mkuu!

Jumatatu, 26 Februari

Mama amepiga simu. Umemfanya nini kaka yangu? Hapokei simu, hali chakula. Nikamweleza yote. Akasema: lakini wewe si unaweza kuruka naye, uwe unamtazamia tu?

Niwe macho yake! Kila Jumamosi, mpaka lini? Na ile siku niko safarini?

Jumamosi, 2 Machi

Nipo kwenye chumba cha klabu. Naandika.

Nilifika saa nne. Nilikuja kumwomba radhi kwa kelele, si kwa ufunguo. Banda lilikuwa wazi na Panzi hayumo. Nikafungua mkoba — ufunguo huu hapa. Fundi akasema Mjomba alikuja na wake wa akiba, akamwambia kwamba mimi nimeshakubali. Amekwenda kama dakika ishirini.

Na wakulima wamechoma mabua. Moshi ulikuwa umelala juu ya kiwanja kama blanketi chafu. Mimi, macho yangu mazima, nilikuwa siuoni mwisho wa uwanja.

Nikamsikia kabla sijamwona. Panzi akatoka moshini, chini, mwendo mzuri, mabawa sawa kabisa — kila kitu sawa, isipokuwa alikuwa anatua barabarani. Ile ya lami, nyuma ya uzio. Lori la mchanga lilikuwa linakuja. Nikanyakua redio ya mkononi ya klabu.

"Mjomba, ni mimi. Ongeza nguvu. Panda."

"Niko sawa, uwanja nauona."

"Hiyo ni barabara. Panda!"

Kisha injini ikanguruma, Panzi akapita juu ya lori, dereva akafunga breki katikati ya njia akatoka mbio akauacha mlango wazi. Mjomba akapotelea tena moshini.

Nikamwita. Nikamwita tena. Sauti iliyokuja ilikuwa ndogo, sikuijua.

"Sioni, mwanangu."

Basi nikamshika. Kwa maneno tu. Nilimwambia ageuke kushoto polepole, polepole, acha. Aende hivyohivyo nikihesabu. Nilimfuata kwa masikio alipopotea, nikamdaka kwa macho alipotokea. Shusha pua kidogo. Punguza nguvu. Kulia kidogo, nusu ya hapo, vizuri. Kila nilichosema alifanya, palepale, bila neno. Mjomba! Mtu ambaye hajapata kumtii mtu! Nilitamani anibishie. Niliona nyasi zinamjia, nikasema sasa, inua, inua taratibu, shikilia hapo, usifanye kitu — akagusa. Akaruka, akagusa tena, akakimbia mpaka karibu na mtaro, akasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi alikuwa amekaa chini.

Nilimkuta bado ndani, mikono juu ya usukani, injini imezimwa. Nilikuwa na matusi ya kutosha kwa wiki nzima, nimeyapanga. Nikamfungulia mkanda. Akasema, "Nyasi zimekuwa ndefu, wazikate." Nikasema ndiyo, Mjomba.

Mwenyekiti ameona yote, na dereva wa lori bado yupo getini anamweleza kila anayepita. Mwenyekiti hakugomba. Ameniletea fomu ya tukio, kurasa mbili, na kalamu. Amesema kwa sauti ya chini kwamba anajua na siku ile ya ndege ya njano si mimi niliyekuwa naendesha. Amesema angeweza kuandika yeye, lakini anaona ni vizuri zaidi ikitoka kwangu. Sehemu ya pili inauliza: je, kwa maoni yako, rubani huyu anafaa kuendelea kuruka? Vijisanduku viwili. Ndiyo. Hapana.

Nina nusu saa mbele ya fomu. Nimefungua shajara badala yake. Huku maneno yanakuja!

Mjomba ameingia. Amenawa uso, kola imelowa. Amekaa mbele yangu, amenyoosha mkono, ameivuta fomu kwake. Ameinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Anaitazama kwa muda mrefu, macho yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, mstari kwa mstari, mpaka chini. Amegeuza ukurasa. Anatikisa kichwa kama mtu anayekubali.

"Umeandika vizuri," anasema. "Umesema kweli. Ila hapo mwisho umekuwa mkali kidogo."

Sijaandika hata herufi moja.

Ananirudishia, na kalamu juu yake. Mwenyekiti yuko mlangoni anauliza kama tayari. Mjomba ananitazama — karibu na mimi, juu kidogo ya bega langu — anangoja nimjibu Mwenyekiti.