Dada Amekomboa Kibanja, Mimi Nalala Jikoni

Mpendwa Bibi Penina, mshauri wetu,

Naomba msaada wako upesi, na unisamehe mwandiko, maana naandika nimesimama, kukaa siwezi, tangu mwezi wa Aprili moyo wangu unarukaruka na miguu inaufuata, majirani wanasema nimepigwa na jua lakini si jua, waitu, ni furaha, na furaha hiyohiyo ndiyo imeniletea matata nyumbani.

Mimi ni mwana wa kwanza wa marehemu baba yangu hapa Kaagya, na alipokufa aliniachia kibanja kizuri, migomba yenye kivuli mchana kutwa, mibuni iliyonyooka, na kaburi lake mwenyewe nyuma ya nyumba, nami nikakinywa. Sijui niseme vipi vingine, nilikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka kibanja kikaisha, nikamwuzia Bwana Ildefons wa Muleba ambaye si mtu wa ukoo wetu, alinunua kwa haki mbele ya mkungu, mkubwa wa kijiji, na sina neno naye. Ukoo ulikuwa na haki ya kumrudishia fedha zake na kukikomboa, ndiyo desturi yetu, lakini baba zangu wadogo walitazamana tu, kila mmoja akasema ana watoto wa kusomesha. Mama akaenda kukaa kwa ndugu yake huko Nyanga, mimi nikawa kibarua wa kubeba magunia ya kahawa Bukoba mjini.

Februari mwaka huu nikaingia kwenye mkutano wa waliookoka, sikuingia kwa wema, nilifuata chakula, na mhubiri akasema Kristo ametukomboa, yamelipwa yote, tokeni kifungoni, nami nikalia, nikaruka, nikavunja benchi la kanisa (nimeshalitengeneza). Tangu siku hiyo nimezunguka kutubu, nilimwambia mchungaji yote, nilitubu mbele ya mkutano mara tatu, nilimrudishia Lameki jembe lake nililoiba mwaka wa ukame, nilipanda lori la kahawa mpaka Muleba kumwambia Bwana Ildefons kwamba kabla sijamkabidhi kibanja niling'oa machipukizi bora ya migomba nikayauza pembeni, naye akacheka akanipa maji ya kunywa.

Sasa sikiliza, Bibi Penina! Aprili mkungu ananiita, nafika, nawakuta wazee wamekaa, na katikati yao amesimama dada yangu Anatolia. Dada huyu miaka sita iliyopita alikosana na mumewe akarudi nyumbani, mzigo kichwani, mvua inanyesha, nami nikasimama mlangoni nikamwambia, "Mtoto wa kike hana kibanja, nenda utakako." Akaenda Rwamishenye, mama mmoja wa Kiislamu aitwaye Mwamvita akampa chumba na baraza ya kuweka cherehani, akashonea watu nguo miaka yote hiyo. Basi mkungu akatangaza kwamba fedha zote za Bwana Ildefons zimerudishwa, ameridhika, kibanja kimekombolewa, na aliyekikomboa ni Anatolia! Mzee mmoja akamwambia, "Umetoa wewe, kishike wewe." Yeye akasema, "Baba alimwachia Josia. Kaka, rudi nyumbani." Nikaanguka kifudifudi, nikainuka, nikacheza mbele ya wazee kama mtu asiye na akili, mkungu mwenyewe akacheka mpaka kofia ikamvuka.

Mama akarudi kutoka Nyanga, Anatolia akahamia na cherehani yake, nyumba ikafunguliwa. Lakini mimi nikaamua sitachukua kitu cha bure, mtu aliyeokoka ataonekanaje akila jasho la dada yake? Nalala jikoni. Kunapopambazuka niko kwenye mibuni, nachuma, naanika, natandaza nyasi kwenye migomba, kila kinachopatikana naweka miguuni pa Anatolia, wao wakila ebitoke, ndizi za kupikwa, sebuleni mimi nakula jikoni, na mtu akiniita mwenye nyumba nakataa, nasema mimi ni mtumwa wa dada mpaka nilipe senti ya mwisho. Nilidhani atafurahi! Juzi amelia mbele yangu akasema, "Josia, mimi sikununua mtumishi." Amesema ikifika sikukuu ya mavuno mwisho wa mwezi huu, kama sijaingia ndani nikakaa mahali pa baba, atamwachia mama ufunguo na yeye atarudi Rwamishenye kwa Mwamvita, asirudi tena. Mama naye ameniuliza, "Josia, waitu, nilizaa mwana au mbuzi wa jikoni?"

Nami sikukuu hiyohiyo ndiyo niliyopanga kusimama mbele ya mkutano nishuhudie jinsi ninavyolipa, ushuhuda nimeshauandika, una kurasa saba! Nifanyeje? Nikiingia bure si nitakuwa mwizi mara ya pili? Nisipoingia dada anaondoka. Nijibu upesi, na jina langu liandike lote, waliookoka hawafichi kitu.

Josia, Kaagya
2 Agosti 1954

*

Ndugu Josia,

Jina lako la pili nimelikata. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya dada yako ambaye hakuomba kusomwa gazetini. Na kwanza kaa chini, maana ninayokuambia hayasomwi kwa kusimama.

Nimefurahi nawe, nasema kweli. Mtu aliyekinywa kibanja sasa anatandaza nyasi kwenye migomba, nani asiyefurahi? Ile habari ya benchi nilimwita mume wangu naye aisikie. Furaha hiyo usiiache, wala asikudanganye mtu kwamba ni jua.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika zaidi. Umetubu kwa mchungaji. Umetubu kwa mkutano, mara tatu. Lameki ana jembe lake. Umepanda lori mpaka Muleba kwa sababu ya machipukizi ya migomba! Sasa nionyeshe mahali ulipomwambia Anatolia, "Dada, siku ile ya mvua nilikukosea, nisamehe." Hapapo. Nimepatafuta hata nyuma ya karatasi. Miezi minne mnakaa ua mmoja, umechuma kahawa gunia kwa gunia, na neno hilo moja hujalitoa. Nitakuambia kazi hiyo yote ni ya nini, nawe unune ukitaka: unachuma kahawa ili usimtazame usoni.

Unasema unalipa. Unamlipa nani? Bwana Ildefons ameridhika, mkungu ametangaza, wazee ni mashahidi. Kibanja kimekombolewa, hakikombolewi tena. Kama Anatolia angetaka mali, angekishika palepale alipoambiwa akishike. Alitaka kaka. Ulipokuwa na nyumba ulimkataza asikae ndani yake. Sasa yeye amekupa nyumba, unakataa kukaa naye. Zamani ulimwacha peke yake kwa ukali, leo unamwacha peke yake kwa wokovu, na anayeumia ni yuleyule.

Tena nakuogopea jambo kubwa kuliko kibanja. Anayemfanyia dada yake hivi, atamfanyia Mungu vivyo hivyo. Usidhani nakucheka, ugonjwa huo nimeuugua. Mimi nilifagia kanisa miaka miwili, sikukosa hata Jumamosi moja, watu wakanisifu, kumbe nilikuwa nafagia kwa sababu ya maneno mabaya niliyomwambia mama mkwe wangu, na yeye mwenyewe sikumwambia kitu. Jumapili naimba kwamba Kristo amelipa, Jumatatu nashika ufagio nianze kumlipa. Nilichoka, Josia, na sikuwa na furaha hata kidogo. Siku nilipokwenda kwa mama mkwe nikasema, "Mama, nilikukosea," akanikalisha akanimenyea ndizi. Hapo ndipo nilipojua maana ya kukombolewa: ni kurudishwa kwa wenyewe. Aliyekombolewa anakaa na wenzake, anakula nao, anaulizwa habari za shamba. Kazi anafanya, tena sana, ila anafanya kama mtu wa nyumbani, hafanyi ili asifukuzwe.

Unauliza kama ukiingia bure utakuwa mwizi. Ewe mwanamume! Ulimwona wapi mwizi anayeitwa kwa jina lake kila siku, "Njoo ndani, chakula tayari"?

Sasa fanya hivi. Usingoje sikukuu. Ukimaliza kusoma gazeti hili weka kikapu chini, nawa mikono, mwite dada yako na mama yako awepo. Taja ulilolifanya mlangoni siku ile, litaje lilivyo, usimsingizie rubisi. Sema nisamehe, kisha unyamaze. Najua kunyamaza kwako ni kazi kuliko kuchuma. Akilia mwache alie. Akikusema mpokee, amekaa na maneno hayo miaka sita. Na kama hatakusamehe leo, usirudi jikoni kujiadhibu. Ingia ndani umngoje humo.

Zile kurasa saba za ushuhuda ziwashie moto wa kupikia. Siku ya sikukuu ukipewa nafasi ya kusimama, sema nilikombolewa na dada yangu, mimi nisiyestahili, kisha kaa.

Halafu nenda kwa mkungu, mwenyewe, bila kuitwa. Waambie wazee kwamba Anatolia ana mahali pake katika kibanja hicho, nyumba na migomba na mibuni, pajulikane kwa jina lake wewe ukiwa hai, ili ukifa atakayekurithi asije akamwambia maneno yako. Usiwaambie ni malipo. Waambie ni dada yako. Wakinung'unika kwamba mtoto wa kike hapewi, waulize kwa adabu walikuwa wapi kibanja kilipotafuta mkombozi. Yule mzee aliyesema "kishike wewe" atakuwa upande wako.

Na ukifika kwenye mlango wa nyumba yenu usipige hodi. Hodi ni ya mgeni, na Anatolia akikusikia unabisha atadhani umeleta kahawa nyingine. Ingia mikono mitupu, kaa, ule chakula kingali moto.

Bibi Penina