Mama Rahabu wa Nyamwaga, Aliyemtafuta Baba Yake

Mwaka umetimia, mama yetu, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipoomba chai, ukasema isubiri kwanza ipoe, na ikapoa wewe ukiwa umeshaondoka.

Migomba yako ya nyuma ya nyumba imezaa. Hata lile shina la upande wa choo, ulilokuwa unaliita mvivu, limetoa mkungu ambao watu wawili walisaidiana kuubeba. Ng'ombe wako mwekundu amepata ndama dume. Redio ipo palepale dirishani, lakini haina tena wa kuijibu. Wakitangaza mvua mkoa wa Mara ulikuwa unawaambia, "Wewe kijana, njoo hapa Nyamwaga utuoneshe hiyo mvua yako." Sasa wanatangaza wanavyotaka.

Tunakukumbuka kwa mkono wako wa kutoa. Tangu watu wa mikoa mingine walipoanza kumiminika huku kufuata dhahabu, hakupita mgeni mbele ya boma lako bila kuitwa. Uliwapa maji ya kunawa, ndizi mbivu, maziwa ya mgando. Halafu ukauliza. Wao walidhani ni ukarimu tu. Ukarimu ulikuwepo, ila sisi tulijua na swali lipo.

"Unatoka wapi, mwanangu?" ulimuuliza Masanja, yule mchimbaji, siku aliyopita mara ya kwanza.

"Geita, mayu."

"Huko Geita hamna mzee anaitwa Matiko? Matiko Waitara. Mkurya, mrefu."

"Mayu, mimi huko nilikuwa namjua Masanja tu, na huyo nimekuja naye mwenyewe."

"Basi mkalishe ale, maana Masanja wako amekonda."

Alikula, na hajaacha kuja mpaka leo. Siku ya mazishi yako alichimba kaburi bila kuachia mtu sululu.

Wewe unajua habari hii, lakini wanaosoma hawajui, kwa hiyo turuhusu tuieleze. Mwaka 1953 askari walikuja bomani wakamchukua baba yako, Matiko. Wewe ulikuwa na miaka miwili, na mama yako alikuwa ameshafariki. Baba yako alishtakiwa kwa uchochezi. Alikuwa amesimama mbele ya baraza akawakataza watu wasipeleke ng'ombe kwenye mnada wa lazima wa serikali ya mkoloni. Hakurudi. Ukalelewa kwa Mzee Nyangwine, ndugu wa ukoo, na huko ndiko ulikokulia na maneno ya watu. Walisema kifungo kilikuwa kifupi tu. Walisema baba yako alitoka, akavukia Kenya, akaoa huko, akasahau. Kisimani wasichana wenzako walikuita binti wa mtoro. Ulitusimulia hayo ukicheka, lakini ulitusimulia mara nyingi mno.

Siku tatu kabla hujaondoka ulimwambia mjukuu wako Wegesa, aliyekuwa analala nyumbani kwako na kukusoma uso kuliko sisi sote, "Kaburi lake mkilipata au msipolipata, sawa. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Alinikimbia?"

Wegesa si mtu wa kujibu asichokijua. Ameishia darasa la saba, anauza chai na maandazi njiani kwa wachimbaji, na huwa anasikiliza zaidi ya anavyosema. Arobaini yako ilipopita alifunga kibanda siku moja, akaenda Tarime kutafuta kumbukumbu za kesi.

Ofisi aliyokwenda walimwambia aandike barua. Akaandika. Aliporudi, mwenye funguo za chumba cha mafaili alikuwa likizo. Akangoja. Mara ya tatu kijana mmoja muungwana alimtolea orodha ya zamani ya waliohukumiwa, wakaipitia pamoja kwa kidole.

"Akina Matiko wako wengi kama kuku, dada," kijana akamwambia. "Lakini Matiko Waitara hayumo. Una uhakika alifungwa?"

Wegesa hakuwa na uhakika. Alitoka pale na jambo ambalo yule kijana hakuliona. Kwenye orodha ile baadhi ya wanaume walikuwa na jina la pili la kike. Kulikuwa na Mwita Robi, kulikuwa na Marwa Bhoke. Alipofika nyumbani alimuuliza mwanao mkubwa, Hosea, kwa nini mwanamume aandikwe kwa jina la mwanamke. Hosea akamwambia ale, chakula kinapoa.

Unamjua Hosea wako. Akikuharakisha kula, ujue umegusa kitu.

Wegesa hakubishana naye. Aliuliza watu taratibu ni nani bado yupo wa umri wa kumjua Matiko, akaelekezwa Itiryo kwa Bibi Weisiko. Huyo bibi haoni vizuri tena, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Rahabu."

"Rahabu wa nani?"

"Wa Matiko."

"Matiko wa nani?"

"Wa Waitara."

Bibi Weisiko alicheka mpaka akashika mbavu. "Waitara alikufa miaka saba kabla Matiko hajazaliwa. Alimzaaje, kwa barua?"

Wegesa alikaa chini kwenye majani, akangoja kicheko kiishe.

"Matiko ni wa Gati," Bibi Weisiko akasema. "Gati ndiye alikuwa mke wa Waitara. Hakupata mtoto wa kiume, na mume akamfia. Basi akatoa ng'ombe zake mwenyewe, akaoa msichana. Ndiyo ndoa tunayoiita nyumba ntobhu. Nyinyi wa siku hizi mnaona aibu, eti? Yule msichana akamzalia Gati mtoto, ndiyo huyo Matiko. Ng'ombe za Gati, nyumba ya Gati, mtoto wa Gati. Ukimuuliza Matiko wewe wa nani, hata mbele ya mzungu, anasema wa Gati, tena kifua mbele."

"Sasa Waitara ametoka wapi, bibi?"

"Ametoka kanisani. Nyangwine alipobatizwa aliona aibu kusema amemlea mjukuu wa mwanamke aliyeoa. Akamwandikisha mama yenu jina la Waitara. Waitara mwenyewe hakuulizwa."

Mama, ulimtafuta baba yako maisha yako yote kwa jina ambalo yeye hakulitumia hata siku moja. Hukujua. Na hakuna aliyekuambia.

Hapa tuseme ukweli, kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Hosea alikuwa anajua. Si yote, lakini aliwahi kumsikia Mzee Nyangwine akilitaja jina la Gati na kuonya lisirudiwe. Wegesa alipoleta habari hii, Hosea alisimama.

"Mimi ni mzee wa kanisa. Mama alibatizwa Rahabu Matiko Waitara. Kadi ninayo."

"Kadi sijaikataa, baba mkubwa," Wegesa akasema. "Lakini bibi yangu hakuniuliza habari ya kadi."

Hosea hakusema naye Sabato mbili. Ya tatu, jua lilipozama, alimkuta kibandani, akanywa chai. Kisha akasema, "Angeniuliza mimi ningemwambia." Wegesa akamwongezea chai kikombeni. Hosea akainamisha kichwa. "Hapana. Aliniuliza. Nilimwambia ale, chakula kinapoa."

Ametuomba tuliandike hilo hapa, mama. Amesema wewe utamsamehe haraka kuliko yeye anavyojisamehe.

Wegesa akarudi Tarime na jina jipya. Haikuchukua hata saa moja. Matiko Gati alikuwepo kwenye ukurasa uleule walioupitia mwanzo. Uchochezi. Miezi kumi na minane na kazi ngumu. Na chini yake mstari mmoja zaidi: akimaliza kifungo akae kusini ya mto Mara, asivuke tena kuja kwao.

Kwa hiyo maneno ya Kenya yalikuwa ya watu tu. Alipigwa marufuku kurudi. Lakini Wegesa hakufurahi bado. Kijana wa ofisini alipompongeza, alimwambia, "Hapa imeandikwa alikatazwa. Haijaandikwa kama alitaka."

Akaenda Mugumu, kusini ya mto. Ofisini walimwambia makaratasi ya miaka ile hayapo, mengine yaliliwa na mchwa. Mama mmoja muuza dagaa pale sokoni ndiye aliyemwambia ajaribu kwa Mzee Erasto, Mwikoma mmoja ambaye marehemu baba yake alikuwa karani wa baraza la upande ule.

"Mkurya amekuja kwangu mchana, tena amebisha hodi?" Mzee Erasto akasema. "Ng'ombe wangu leo watashangaa."

"Leo natafuta mtu, babu. Ng'ombe nitawafuata siku nyingine."

Mzee akacheka, akamkaribisha. Alikuwa na sanduku la bati la baba yake, na ndani yake madaftari ambayo karani yule alikuwa anaandikia mambo ya baraza kabla ya kuyanakili kwenye kitabu cha serikali. Hakuna mtu aliyewahi kuyaomba. Mzee Erasto alisema aliyaweka kwa sababu aliona vibaya kuwashia moto mwandiko wa baba yake.

Wegesa alikaa kwake siku mbili, analala na wajukuu wa pale, akisoma neno moja moja.

"Usikimbie," Mzee Erasto alimwambia. "Marehemu alikuwa anaandika kama mtu anayefukuzwa na nyati."

Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, aliupata ukurasa wenyewe. Amekuletea maneno yale kama yalivyo, na sisi tunayaweka hapa bila kuongeza kitu:

"Tarehe 9 Agosti 1955. Matiko Gati, Mkurya, ambaye amekatazwa kuvuka mto. Amekamatwa ng'ambo ya kaskazini, njia ya Nyamwaga. Hii ni mara ya tatu. Ameulizwa kwa nini anavunja amri. Amesema yeye hajavunja amri, amekwenda nyumbani. Ameulizwa kama anajuta. Amesema waulizwe waliomkataza. Alichokutwa nacho: fimbo moja, tumbaku kidogo, gauni moja la mtoto wa kike, jekundu, jipya. Anasema mtoto ana miaka minne. Gauni limewekwa ofisini. Mtu huyu apelekwe mbali zaidi."

Wegesa alimuomba Mzee Erasto asome yeye pia, asije akawa amesoma anachotaka. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye gauni alifunga daftari kidole kikiwa ndani, akamwita mkewe aje asikie.

Mara ya tatu, mama. Wewe uliuliza kama alikukimbia. Mto ule una mamba na viboko, na ng'ambo yake kulikuwa na askari, naye alivuka mara tatu ambazo karani alizijua. Ambazo hakuzijua hatuwezi kusema. Mwaka huo wa 1955 ulikuwa na miaka minne kamili. Alikuwa anahesabu.

Wegesa aliyanakili maneno yale kwenye daftari lake la maandazi. Alipofika Nyamwaga hakuingia kwanza ndani. Alikwenda kaburini kwako, akakusomea yote kwa sauti, pamoja na tarehe. Masanja alikuwa anapita na sululu begani, akasimama akavua kofia.

Bado kuna tusiyoyajua. "Mbali zaidi" ni wapi? Alipelekwa mkoa gani? Alizeeka? Alioa tena? Je, kuna watu huko wenye urefu wake na ubishi wake, ambao nao wanajiuliza babu yao alitoka wapi? Kila tunapokaa tunayauliza haya, na tumegundua kwamba siku hizi tunayauliza kwa furaha, kama watu wanaomsubiri mgeni. Zamani tulikuwa tunayauliza kwa kunong'ona.

Basi yeyote anayesoma, popote ulipo, ukiwahi kusikia habari za mzee Mkurya aliyeletwa kwenu na serikali baada ya Agosti 1955, akiitwa Matiko Gati, tafadhali fika Nyamwaga uulize kwa Wegesa muuza chai. Utapewa maji ya kunawa, ndizi mbivu na maziwa ya mgando. Kisha utaulizwa maswali mengi, uje umejiandaa.

Mama yetu, wanaokukumbuka ni wanao Hosea, Simioni na Eliza, wakwe zako, wajukuu zako wote, pamoja na Wegesa ambaye bado anapiga pasi kanga yako ya kanisani kila Ijumaa bila kuulizwa na mtu, Bibi Weisiko wa Itiryo, anayesema alikujua ukiwa huna meno, Mzee Erasto wa Mugumu, ambaye hakukujua lakini ameomba aandikwe, na Masanja, mtoto wako wa Geita.

Jiwe la kaburi lako tunaliweka Jumapili hii. Fundi aliuliza aandike jina gani, na Hosea ndiye aliyemtajia, herufi kwa herufi, mbele ya waumini wenzake.

Hatuachi kukukumbuka, Rahabu binti Matiko wa Gati.