Mbegu ya Miwa Myekundu

Moraa mjukuu wangu,

Hapa Manga tu wazima. Babu yako analalamikia goti, na ng'ombe amezaa ndama wa kike. Lakini barua yako, mama! Niliisoma nikashika kichwa. Eti unataka mbegu ya ile miwa yetu myekundu, myembamba, inayonukia, wewe na wenzako mkatengeneze ramu huko Kisumu? Mimi mtu wa Sabato nikuze pombe?

Nilikuwa nimeshakataa. Kisha nikamkumbuka mama mkwe wangu, aliyechukia pombe kunishinda. Nilipoolewa hapa nilimkuta akimkatia mbegu ya miwa hiyo jirani yetu, mpika chang'aa. Nilishtuka.

"Mama, hata huyu unampa?"

"Mtu hanyimwi mbegu," akasema, akaendelea kukata.

Baadaye ugonjwa ulimaliza miwa yetu yote. Tulizunguka kijiji kizima. Mwenye nayo alikuwa yule mpika chang'aa peke yake. Alitukatia mzigo, hakuuliza neno.

Kwa hiyo miwa uliyotafuna ukiwa mtoto, Moraa, ilitoka shambani kwake.

Njoo uchukue mbegu. Lakini hiyo ramu yenu isivuke mlango wangu!

Nyanyako