Kompyuta Yako Imewaka, Zuhura

Mama yangu Zuhura,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita tangu ukiwa mchanga, kwa sababu nilikupa jina la mama yangu mzazi. Nawe ulilitumia jina hilo kunionea. Ulikuwa unaingia kibandani kwangu hapa Bunda, nimezungukwa na redio za watu ninazotengeneza, unaniuliza kwa ukali: "Mwanangu, umekula?" Wateja wanacheka, mimi nanyanyuka kwenda kula.

Leo nimetengeneza kompyuta yako. Ile kuukuu aliyokuachia mwalimu wako alipohamia Musoma, kibodi nene inayochomekwa kwenye televisheni. Unakumbuka jioni ya mwisho uliyoitumia? Ulikuwa unaandika, nikachungulia, ukafunika kioo kwa khanga. "Unachunguliaga sana wewe mtoto! Hii barua ni ya kwako, ila bado sijaimaliza."

Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, pawa saplai, kile kifaa kinachoilisha umeme, ikaungua. Kabla sijapata nyingine ukaugua, na ugonjwa ule haukutupa nafasi. Tukakuzika kijijini Guta.

Mimi ni mtu wa redio. Redio ukiizima, siku ukiiwasha unaikuta kwenye stesheni ile ile. Basi nikaamini maneno yako yamo humo yananingoja, yanakosa umeme tu. Nimetafuta transfoma mpaka Musoma, nimebadilisha kapasita zilizovimba, nimepima mpaka mita ikaridhika. Nikaichomeka kwenye televisheni, nikawasha.

Ikawaka. Kioo kitupu, na kijimstari kimoja kinapepesa.

Nikamwita jirani yangu, yule fundi simu. Alitazama, akaniwekea mkono begani. "Mzee, hizi za zamani hazitunzagi kitu. Umeme ukikatika zinasahauga vyote. Alitakiwa arekodi kwenye kaseti."

Kaseti! Kibanda kizima kimejaa kaseti, mama, na hukuniomba hata moja.

Nimelia, sikufichi. Nimelia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa bado na kitu chako cha kusoma. Sasa sijui hata ulitaka kuniambia nini. Labda ulikuwa unanitania tu, na utani wako ndio ninaoutaka.

Kisha nikaandika jina lako kwa kidole kimoja, nikashindwa kuzima. Mama yako akaja kutoka uani.

"Baba Zuhura, zima hicho kitu, yuniti za umeme zinaisha."

"Nikizima, jina linafutika."

Alisimama akilisoma. Halafu akaenda akachomoa friji la barafu anazowauzia wanafunzi, akazima na redio yangu, akarudi kukaa kando yangu.

Tuko hapa mbele ya jina lako. Pumzika, mama.

Baba yako