Papa Neema, Si Wewe Uliyeniokoa Korongoni

Papa Neema mpenzi,

Jumapili iliyopita mchungaji alikutaja tena. Alisimulia jinsi ulivyomnyakua mkeo kwenye mafuriko ya jangwani kama mchungaji mwema anavyomnyakua kondoo wake. Watu wakasema amina. Kondoo mwenyewe nilikuwa kiti cha mbele, nimeuma ulimi.

Nimechoka. Wewe umelala kimya kaburini, lakini uongo wako bado unatembea hapa Stockholm. Basi leo nasema yaliyotokea, na atakaye asome.

Tulikwenda Arizona kumwona mdogo wako Dieudonné. Maskini alituchinjia mbuzi, na nyama haijaisha ukaanza kuuliza: "Huku hakuna trauti?" Samaki wa maji baridi, jangwani! Tangu dereva mwenzako wa basi akufundishe kuvua kwa nzi wa bandia, zile ndoano ndogo ulizozivika manyoya kwenye meza yangu ya kulia, hukushikika tena.

Na kumbe walikuwepo. Dieudonné alitushusha kwenye mdomo wa korongo, akaahidi kuturudia jioni. Kuta za mawe mekundu huku na huku, jua kama pasi, miiba kila mahali, na katikati kijito ambacho hata mimi na kanga yangu ningekiruka. Wewe ukawa unatambaa kwa magoti nyuma ya mawe kama mwizi wa kuku, ati samaki wasikuone. Mimi nyuma, nimebeba chakula, viatu vimejaa mchanga.

Hatimaye ukampata mmoja. Nakubali, alikuwa mzuri: wa rangi ya kahawia, ana madoa mekundu ubavuni. Nikatoa mfuko wa plastiki. Wewe ukalowesha viganja, ukamshika kama mtoto mchanga, ukamwachia.

"Papa Neema! Unafanya nini?"

"Huyu ni samaki wa porini, Mama Neema. Anarudi kwake."

"Mimi nimezaliwa Uvira, kando ya ziwa. Kwetu samaki akitoka majini, kwake ni kwenye sufuria."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka.

Mchana nikasikia ngurumo, mbali sana. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Lakini nilikulia kando ya mito inayoshuka milimani, na nilipoona yale maji safi yameingia rangi ya chai, na vijiti vinapita, nikakwambia tupande. Ukasema, "Ngoja." Nikakuita tena. Ukasema, "Nyamaza, mkubwa ameshika." Mwanzi wako wa kuvulia umejikunja, maji yamekufika magotini, nawe unatabasamu kama bwana harusi!

Nikaingia majini. Nikashika ule mkasi mdogo uliokuwa ukining'inia kifuani pako, nikakata mshipi. Nikakuvuta kwa mkanda wa suruali mpaka juu ya mwamba, huku unanifokea. Tulikuwa bado tunagombana maji yalipofika. Yalikuja na magogo na mawe, yana sauti ya treni ikiingia kituoni. Pale uliposimama hapakuonekana tena. Na wewe, mume wangu, ukasema nini? "Ungeniacha kidogo tu, ningempata."

Miezi kadhaa baada ya kurudi, ukayasimulia kanisani. Katika simulizi lako aliyeona rangi ya maji ni wewe, aliyevuta ni wewe, na mimi nilikuwa nalia. Ukarudia kwenye harusi, ukarudia kwenye matanga. Sikukupinga, maana mume havuliwi nguo mbele za watu. Lakini kwenye treni ya tunnelbana, ee, nilikugombeza kutoka mjini mpaka mwisho wa reli, Hagsätra. Wewe ulitazama dirishani tu.

Basi Jumapili hiyo nilimwaga yote kwa Neema. Binti yako aliendelea kukaanga ndizi.

"Jag vet, mamma," akasema. Najua, mama. Kisha akageukia Kiswahili, jambo ambalo hulifanya nadra. "Papa aliniambia hospitalini. Alisema mliporudi kutoka Arizona, bibi, mama yako, alifariki kule Uvira, nawe ukanyamaza. Mnakaa chakulani, husemi kitu. Siku ya kwanza aliposimulia vile, ulimgombeza njia nzima. Akaona, kumbe bado upo. Ndiyo maana akawa anarudia."

Nilikaa chini. Ni kweli nilinyamaza mwaka ule. Sikujua kama uliona.

Lakini, Papa Neema, mtu mzima hawezi kusema tu, "Mke wangu, nimeikosa sauti yako"? Mpaka unifanye kondoo mbele ya kanisa zima? Umeniudhi upya, na hasira hii sina pa kuipeleka. Jumapili narudi nyumbani peke yangu. Vituo vinatajwa kimoja kimoja, kiti cha pembeni ni kitupu, na maneno yamenijaa mdomoni.

Pumzika, mkaidi wangu. Mchungaji nitamwacha aendelee kusimulia.

Ni mimi mkeo, niliyekuvuta,
Mama Neema