Jina Mgongoni Mwangu

Wollongong,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha msimu wa mvua kiwe kimekuacha upumue. Je, viazi vya shamba la mlimani vimeshika, au nguruwe wa mjomba Kwaimani wamevifukua tena? Mimi sijambo, isipokuwa goti. Nawe Dorin, mdogo wangu unayemsomea Mama, nakuomba usiisome barua hii mbele ya akina mama wa kanisa. Nendeni jikoni mkae wawili tu.

Msimu huu nimefunga mabao kumi na moja. La mwisho mliliona kwenye simu ya Dorin. Nimesikia mlivyopiga kelele, na kwamba mchungaji alisimama madhabahuni akasema, mtazameni Festus, aliyeomba jezi yake iandikwe jina la marehemu mdogo wake Jerol, huo ndio undugu. Maneno hayo yalinifikia, Mama.

Unakumbuka mguu wangu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukicheka kwamba Mungu alimpa Jerol miguu miwili, mimi akanipa mmoja na mkongojo. Basi katika mabao hayo kumi na moja, saba ni ya kushoto. Sikufundishwa na mtu. Mpira unakuja, mimi nataka kuutuliza, kumbe mguu umeshapiga. Watu wanasimama wanaimba Jerol, Jerol, nami napunga mkono, lakini nashindwa kuangalia nyuma, kwa maana nahisi kuna mtu anayeitikia kabla yangu.

Rafiki yangu hapa ni beki wetu Majok, kijana wa Sudan Kusini, mcheshi sana. Tulipokuwa tukirudi kutoka mechi ya ugenini aliniuliza Festus ni nani. Nikamwuliza jina hilo kalitoa wapi. Akasema, "Kwako wewe! Kila ukisinzia kwenye basi unamwita. Festus, Festus, we Festus! Kama mtu anayemwita kaka yake aliyemtangulia njiani." Wenzetu wakacheka, wakasema huyo Festus lazima nina deni lake. Mimi nikacheka nao. Tangu siku hiyo sisinzii kwenye basi.

Mwezi wa sita waliniokea keki. Mishumaa ishirini na mitatu, wakaniimbia, wakaniambia nipulize. Unaijua tarehe hiyo, Mama. Ndiyo ile aliyozaliwa marehemu, unayokwenda kufagia kaburi. Nilipuliza mara tatu, mishumaa ikakataa kuzimika, mpaka Majok akaja kunisaidia.

Kisha goti likavimba. Daktari wa timu alitazama picha za mifupa, akanitania, "Bwana mdogo, umri wako wa vijana, goti lako la wazee. Umeliazima wapi?" Alikuwa anatania tu, lakini hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi tena kunyamaza.

Mama, sikuomba jina lile liandikwe kwenye jezi. Hawa watu hawajawahi kusikia kwamba kuna Festus. Barua ya kuitwa huku ng'ambo kucheza mpira ilikuwa ya Jerol. Kocha alimwona kwenye ile video ya mashindano ya Honiara, akampenda yeye. Ilifika siku kumi na mbili baada ya ile homa kumchukua, wewe ukiwa bado umelala chini kwa msiba. Niliipokea mimi bandarini Auki. Nilipeleka cheti chake cha kuzaliwa pamoja na picha yangu, nikapata pasipoti, nikakwambia nimeitwa mimi. Ukanishika kichwa ukasema Mungu amekufuta chozi. Uliponiuliza cheti cha marehemu kiko wapi, nilikusaidia kukitafuta sandukuni, na kilikuwa mfukoni mwangu.

Lakini hata hilo silo lililo zito. Zito ni hili. Nilipoifungua barua ile pale bandarini, kabla sijalia, nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kwamba amekufa. Nadhani aliniona. Nadhani ndiyo maana ananiita.

Alhamisi nilikwenda kwa Kocha Perkov nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo miaka minne nimemfundisha nani?" Akauliza tena, "Na yule wa kwenye video, alikuwa anakushinda?" Nikasema, "Sana, Kocha. Sana." Akageuzia uso dirishani. Aliponigeukia aliniambia nivue jezi niiache mezani. Klabu itapeleka habari kunakohusika, na huenda nisicheze tena popote. Nimeruhusiwa kurudi nyumbani, na nitafika Auki kwa meli ya mwisho wa mwezi.

Usimwambie mchungaji. Nitasimama mwenyewe mbele ya watu niliowadanganya. Na kama hutaki nilale ndani ya nyumba yako, nitalala kwa mjomba, wala sitakulaumu. Ila naomba unipeleke kaburini wewe, nisiende peke yangu. Naogopa, Mama.

Nisalimie mjomba na nyumba yake yote. Dorin, usimwache Mama peke yake leo. Hapa chini mkono uliandika jina la marehemu kwanza, kwa mazoea, na wino haukufutika vizuri. Ndiyo maana karatasi imetoboka.

Ni mimi mwanao,
Festus.