Miayo ya Bibi Sevasti

Darwin, 17 Februari 1986

Dada yangu Themelina,

Pokea salamu zetu za upendo. Natumaini barua hii inawakuta hamjambo, wewe, shemeji Manolis na Nomikos mdogo. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua haikatiki, nguo hazikauki, na Mama anagombana na mbingu kutwa nzima.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Unasema kila Jumapili alasiri simu inalia hapo kwako Hobart. Ukiinua, husikii neno, ila mtu anapiga miayo, mmoja baada ya mwingine, kisha anavuta kamasi kama aliyetokwa machozi, anakata. Na mtoto aliyekuwa akilia tangu asubuhi analala. Unaniuliza kama ni mimi ninayekufanyia mzaha, maana ni mimi niliyezoea kumwigiza Bibi. Nitakujibu, lakini niache nianzie mbali kidogo.

Unamkumbuka Bibi Sevasti alivyokuwa. Alishuka melini kutoka kisiwa cha Kalymnos akiwa bibi harusi, hajui hata kuomba maji kwa lugha ya hapa. Akapiga deki wodi za hospitali mpaka magoti yakavimba, akamzika Babu, akatulea sisi wawili Mama alipokuwa kazini. Tulipotawanyika, kila Jumapili alikaa kando ya simu na bakuli la maji na chupa ya mafuta ya zeituni. Alitaja jina lako. Akipiga miayo, basi umepatwa na kijicho cha watu. Alidondosha mafuta majini, na yakitawanyika badala ya kuelea, ndiyo ishara ya kijicho; akanong'ona maneno yake ya kukiondoa huku machozi yakimtoka, kisha akakupigia na kukuamuru ukale. Tulimcheka, lakini usiku tulilala vizuri.

Jambo usilolijua ni kwamba nilimwomba maneno hayo. Si unajua kwetu mwanamke humpa mwanamume, na mwanamume humpa mwanamke, na aliyetoa habaki na kitu. Alipolazwa nilimsihi asiondoke nayo. Akanitazama kama niliyemwomba meno yake.

"Nikikupa wewe mvivu, mimi nitawalinda na nini?"

Nikamwambia anakokwenda hakuna simu. Akasema, "Hayo niachie mwenyewe."

Basi tukamfanyia ibada ya siku arobaini, tukala ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, padri akaenda zake. Wiki hiyohiyo Mama aliikatisha simu ya nyumba ya Bibi. Na si mimi, dada. Haki ya Mungu nisingethubutu, na mtu mwingine wa kumshuku sina.

Jana Jumapili nilikwenda kwa Bibi kufungua madirisha, nyumba isije ikaota ukungu. Simu ilikuwa mahali pake, waya umechomolewa na kuviringwa juu yake. Mezani palikuwa na bakuli la maji, na mafuta yametawanyika humo hata tone halionekani. Nikagusa kiti chake. Kilikuwa na joto.

Niliogopa, sikufichi. Lakini nilimfikiria mwanamke aliyefanya kazi tangu siku ile ya meli, na hata sasa hajaketi akapumzika, nikamwonea huruma sana. Nikakaa kwenye kiti kile nikasema, "Bibi, nipe mimi. Pumzika sasa."

Sikusikia sauti yoyote. Ila maneno yalikuwa mdomoni mwangu, kwa lafudhi ya Kalymnos ambayo mimi sina. Nikayasema yote. Nilipomaliza, kiti kilikuwa cha baridi.

Nikabadilisha maji, nikataja jina la Nomikos. Hakuna kitu; tone la mafuta likaelea zima. Nikataja jina lako. Nilipiga miayo mpaka taya zikaniuma, na machozi yakanilowesha shingo. Mtoto hana tatizo, Themelina. Analia kwa sababu wewe unalia. Bibi alikuwa akikupigia wewe.

Katika kurasa zako zote hukuandika habari zako hata mstari mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie unaumwa nini, au kinachokuliza ni nini, na kama ni cha kuja kukuchukua, nitakuja. Jumapili nitakupigia mimi, na mimi si kama yeye. Sitakata mpaka useme.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Mpe shemeji mkono wangu, na umbusu mtoto.

Mdogo wako akupendaye,
Skevos